Joto Chini ya Ngozi: Safari ya Mawimbi ya Redio Hadi Usoni

Mada ya insha hii ni tiba inayotumia mawimbi ya redio kukaza ngozi ya uso iliyolegea, bila kisu na bila kushona. Wenzangu darasani waliposikia nimeichagua walicheka, wakasema hilo ni jambo la saluni, si la historia. Mimi naliona ni la historia hasa. Mashine yenyewe ina umri wa miaka ishirini na kitu, lakini wazo lililomo ndani yake ni la zamani kuliko bibi zetu. Lilizaliwa Paris, likapita hospitalini, likaingia chumba cha upasuaji, likaangukia hata mikononi mwa walaghai, ndipo likafika kwenye shavu la mteja anayelipa. Katika safari hiyo yote kuna swali moja ambalo kila kizazi kimelijibu kwa namna yake: nani anayejua kwamba joto sasa limetosha? Ni daktari, ni mashine, au ni mwenye ngozi?

Kabla ya kuanza lazima niseme kitu kuhusu neno. Kiswahili huita "mionzi" mambo mengi: ya jua, ya picha za mifupa, ya kutibu saratani, na siku hizi ya simu. Kwetu Uganda neno hilo ni zito. Mwezi Aprili mwaka 2016 mashine ya pekee ya kutibu saratani kwa mionzi nchini, iliyokuwa Mulago na iliyonunuliwa mwaka 1995, iliharibika isitengenezeke tena, na hadi mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018, mgonjwa aliyehitaji tiba hiyo ilimbidi avuke mpaka. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Kampala kwamba uso wake utapigwa mionzi, hatafikiria urembo hata kidogo. Mionzi ile ya Mulago huharibu chembe za urithi ndani ya seli, na ndiyo maana huua saratani. Mawimbi ya redio hayana uwezo huo. Yanachoweza kufanya mwilini ni kupasha joto. Katika insha hii nitasema "mawimbi" na nitajizuia kusema "mionzi", hata pale ambapo matangazo ya biashara yanapenda neno la pili kwa sababu linasikika la kisayansi zaidi.

Sasa twende Paris. Mwezi Agosti mwaka 1890, jimbo la New York lilimuua mfungwa kwa kiti cha umeme kwa mara ya kwanza, na dunia nzima ikajua kwamba mkondo unaobadili mwelekeo wake mara kwa mara unaweza kumtoa mtu roho. Wakati huohuo daktari Mfaransa, Jacques-Arsène d'Arsonval, alikuwa anachunguza mkondo wa aina hiyohiyo na kupata matokeo yaliyoonekana kama kinyume chake. D'Arsonval alikuwa msaidizi wa Claude Bernard, bingwa wa fiziolojia, na alikuwa amezoea kupima joto la miili ya wanyama. Alichofanya ni kuongeza kasi ya mkondo kubadili mwelekeo. Umeme wa majumbani mwetu hubadilika mizunguko 50 kwa sekunde, na kasi hiyo huwafaa mno mishipa ya fahamu na misuli kwa kushtuka. D'Arsonval alipandisha hadi mizunguko elfu kadhaa, kisha zaidi ya elfu kumi, na mshtuko ukapungua hadi ukatoweka. Mwaka 1891 alitangaza matokeo hayo. Mwaka huohuo Nikola Tesla, aliyekuwa Marekani, naye aliandika kwamba mikondo ya namna hii hupita mwilini na kuacha joto.

Maelezo yake si magumu. Mshipa wa fahamu unahitaji muda kidogo ili uitikie msukumo. Mkondo ukigeuka upesi kuliko muda huo, mshipa hauwahi kuitikia. Lakini tishu bado inaupinga umeme unaopita, na upinzani huo hugeuka joto, kama waya wa pasi unavyopata moto. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa habari yote inayofuata: mwili unapashwa joto kutoka ndani yake wenyewe, huku mwenye mwili hahisi umeme. D'Arsonval na wenzake walionyesha jambo hilo kwa namna ambayo ingefaa uwanja wa maonyesho. Watu walijiunga mikono katika mzunguko mmoja na taa, taa zikawaka kwa mkondo uliopita katika mikono yao, nao wakasema hawakuhisi lolote la maana. Kwa muda tiba hiyo iliitwa kwa jina lake. Mpaka leo katika nchi za Ulaya Mashariki huuzwa vifaa vidogo vya urembo vinavyoitwa Darsonval, na nadhani wengi wanaovinunua hudhani ni jina la kampuni.

Madaktari wa mwanzo hawakulipenda sana lile joto. Walidhani faida iko katika umeme wenyewe, na joto ni kitu kinachofuatana nao tu, kama moshi unavyofuatana na moto. Aliyegeuza fikra hiyo ni Karl Franz Nagelschmidt wa Berlin, ambaye kuanzia mwaka 1907 alisisitiza kwamba joto ndilo tiba. Yeye ndiye aliyeipa jina la diathemi, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kupitia" na "joto". Tangu hapo mashine za diathemi ziliingia katika hospitali za Ulaya na Marekani kwa ajili ya viungo vinavyouma na misuli iliyokaza. Hapa nina kisa kidogo ninachokipenda. Mashine hizo zilikuwa kweli ni vituo vya redio visivyo na mtangazaji: ziliharibu matangazo na mawasiliano ya watu wengine hewani. Ilibidi mwaka 1947, katika mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, zitengewe masafa yake maalumu. Ndiyo sababu mashine nyingi za diathemi katika idara za viungo hufanya kazi kwenye megahezi 27.12, si juu kidogo wala chini kidogo. Basi neno "redio" katika tiba hii si la mapambo.

Mwaka ninaoupa uzito zaidi ni 1926, kwa sababu ya mambo mawili yaliyotokea mbali na pasipo kujuana. La kwanza lilitokea Boston. Mwanafizikia William Bovie alikuwa ametengeneza mashine ya masafa ya redio yenye ncha nyembamba. Mkondo ukikusanywa kwenye ncha kama sindano, joto huwa kali kiasi cha kukata nyama na kuziba mishipa ya damu papo hapo. Daktari wa upasuaji wa ubongo, Harvey Cushing, alikuwa na mgonjwa mwenye uvimbe kichwani ambao alishindwa kuuondoa siku chache kabla kwa sababu ya damu nyingi. Tarehe 1 Oktoba 1926 alimrudisha mezani akiwa na mashine ya Bovie, na safari hii uvimbe ukatoka. Leo karibu kila chumba cha upasuaji duniani kina mjukuu wa mashine ile, na madaktari wengi bado huiita "bovi". Inasimuliwa kwamba Bovie mwenyewe aliuza haki ya uvumbuzi wake kwa dola moja.

La pili lilitokea Paris, nalo halihusu umeme hata kidogo. Daktari Suzanne Noël alichapisha kitabu juu ya upasuaji wa urembo na kazi yake katika jamii. Noël alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza duniani kufanya kazi hiyo. Alijifunza kutengeneza nyuso za askari waliojeruhiwa katika vita vya kwanza, alipigania haki ya wanawake kupiga kura, na mwaka 1924 alianzisha Paris klabu ya Soroptimist. Wateja wake hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwapo wanawake waliofanya kazi madukani na maofisini, walioona kwamba mikunjo ya uso ingewanyima mkate. Noël aliwakata vipande vidogo vya ngozi pembeni mwa nywele, kwa ganzi, nao wakarudi nyumbani siku ileile.

Ninamleta Noël hapa kwa makusudi. Ni rahisi kwetu sisi wanafunzi kuwacheka wanaotaka kuondoa makunyanzi, tukasema ni ubatili. Noël aliuliza swali gumu zaidi: kama jamii inamfukuza mwanamke kazini kwa sababu ya uso wake, nani mwenye kosa, na huyo mwanamke afanye nini mwezi huu kabla jamii haijabadilika? Mimi sikubaliani na jibu lake lote, kwa maana kisu chake kilimtibu mwanamke na kumwacha mwajiri alivyo. Hata hivyo, namheshimu kwa kuliuliza.

Kati ya Boston na Paris palikuwa na soko, na soko halikungoja wasomi. Tangu miaka ya 1910 hadi ya 1930 familia nyingi Marekani zilinunua kisanduku chenye waya na mirija ya kioo. Ukikiwasha, gesi ndani ya mrija hung'aa rangi ya zambarau na cheche ndogo hurukia ngozi. Kiliitwa mwanga wa zambarau. Ndani yake mlikuwa na koili ya aina ya Tesla, yaani mjukuu wa majaribio yaleyale ya miaka ya 1890, ila mkondo wake ulikuwa mdogo mno usiweze kupasha joto la maana. Palikuwa na mrija wa umbo la kitana kwa ajili ya upara, mwingine wa kichwa, mwingine wa uso, na vijitabu vilivyoahidi kuponya chunusi, baridi yabisi, uchovu na maradhi mengi yasiyohusiana. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kisanduku hiki kilitembea kweli, kwa posta na kwa wachuuzi wa mlango kwa mlango. Serikali ya Marekani ilivikamata vifaa hivi na kuwashtaki waliovitengeneza, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 biashara hiyo ikafa huko.

Angalia jinsi majibu ya lile swali langu yalivyotofautiana. Kwa Cushing joto lilitosha alipoona kwa macho damu imesimama. Kwa mwenye kisanduku cha zambarau hapakuwa na joto la kupimwa. Alichoona ni mwanga, akautosheka.

Ngozi iliingia habari hii kwa njia ya kolajeni. Kolajeni ni nyuzi za protini zinazoipa ngozi ya ndani uimara wake, zimesukwa kama kamba, kila uzi ukishikwa na vifungo vidogo. Ukizipasha hadi kama nyuzijoto 60 au 70, kwa kutegemea muda, vifungo vile huachia na uzi hujikunja na kuwa mfupi. Mtu yeyote aliyechoma nyama ameona inavyonywea. Kisha mwili huchukulia mahali pale kama jeraha dogo, na kwa miezi kadhaa hutengeneza kolajeni mpya. Katika miaka ya 1990 wapasuaji wa mifupa walilichangamkia wazo hili kwa ajili ya mabega yanayoteguka: walipasha joto tishu inayozunguka kiungo ili ifupike na kulishika bega. Matokeo ya kwanza yalisifiwa sana. Baada ya miaka michache tishu zililegea tena, wagonjwa wengine wakaharibika gegedu, na njia hiyo ikaachwa. Nashangaa kwamba historia nyingi za tiba ya uso huruka kisa hiki. Ni wazo lilelile, katika miaka ileile, katika mwili uleule wa binadamu.

Kwa uso palikuwa na tatizo la pekee. Ili kolajeni ya ndani ifike kwenye joto linalotakiwa, ngozi ya juu ingeungua kwanza. Daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, Edward Knowlton wa California, alipata jibu: poza juu, pasha chini. Kampuni ya Thermage, iliyoanzishwa kutokana na uvumbuzi wake, ilitengeneza ncha bapa inayowekwa shavuni na kupitisha mawimbi ya megahezi 6. Kwa kuwa ncha ni bapa wala si kali kama ya Bovie, joto hutawanyika chini ya eneo lake lote. Wakati huohuo gesi baridi hunyunyizwa nyuma ya ncha kabla ya mdundo wa mawimbi, wakati wake na baada yake. Ncha hutumika kwa mteja mmoja na ina kihesabio ndani yake. Ikimaliza idadi ya midundo iliyopangwa, mashine huikataa. Wanasema ni kwa usalama, nami nakubali kwamba ni kwa usalama pia.

Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mashine hiyo kwa makunyanzi ya kuzunguka macho, na mwaka 2004 kwa uso mzima. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa vituo kadhaa, wa kwanza mkubwa, ukiongozwa na Richard Fitzpatrick. Watu 86 walitibiwa mara moja na kufuatiliwa kwa miezi sita. Waliotazama picha bila kujua ipi ni ya kabla na ipi ya baada walisema asilimia 83.2 ya maeneo yaliyotibiwa yalipata nafuu ya angalau alama moja katika kipimo cha makunyanzi. Asilimia 61.5 ya nyusi zilipanda kwa nusu milimita au zaidi. Lakini wenye nyuso walipoulizwa, nusu yao tu, 41 kati ya 82, walisema wameridhika.

Nilizisoma takwimu hizo mara nyingi. Kwanza, nusu milimita: chukua rula uitazame. Pili, namna ya kuhesabu majeraha. Utafiti unasema kuungua kwa daraja la pili, yaani kwa malengelenge, kulitokea kwa asilimia 0.36. Namba hiyo ni ndogo na inatuliza moyo. Ila imehesabiwa kwa midundo ya mashine: mara 21 katika midundo 5,858. Watu walikuwa 86. Huenda mtu mmoja aliungua zaidi ya mara moja, kwa hiyo siwezi kugawa 21 kwa 86 na kudai nimepata ukweli. Hata hivyo, anayeingia chumbani haingii kama mdundo. Anaingia na uso wake wote na mamia ya midundo inamngoja. Watatu kati yao walikuwa bado na makovu madogo baada ya miezi sita. Watafiti hawakuficha chochote, namba zote ziko wazi, na ndiyo maana nimeweza kuziandika hapa. Nililotaka wenzangu walione ni kwamba uchaguzi wa kinachohesabiwa ni uamuzi wa mtu.

Katika miaka ile ya kwanza nguvu iliwekwa juu, mdundo mmoja mkali kila mahali, na wateja waliumia sana. Madaktari wakawapa ganzi na dawa za kutuliza. Hapo likatokea jambo ambalo kwangu ndilo kitovu cha insha hii: kumnyamazisha mteja kulikuwa ni kuzima kipimo bora kilichokuwepo. Mashine haikuona joto la kina cha ngozi. Aliyelihisi ni yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baadhi ya wateja walipata mabonde usoni mahali mafuta ya chini ya ngozi yalipoyeyuka kwa joto la kupita kiasi. Katikati ya miaka ya 2000 utaratibu ukabadilishwa: nguvu ikashushwa, midundo ikapita mara nyingi juu ya eneo lilelile, na mteja akaulizwa kila mara joto likoje, kwa kiwango cha namba, naye daktari akashusha au kupandisha kufuatana na jibu. Zaidi ya miaka mia moja tangu d'Arsonval ajivunie kwamba mtu hahisi kitu, tiba ilirudi kumwuliza mtu anahisi nini.

Limebaki la rangi. Shangazi yangu mwenye duka la vitambaa aliniuliza siku moja, "Mwanangu, wewe unayesoma, ni kweli mashine hii haichagui rangi?" Alikuwa ameambiwa hivyo mahali fulani mjini ambapo hukaza nyuso. Nilimjibu kwamba nusu ya maneno hayo ni kweli, na ni kweli ya maana. Leza hufuata rangi: melanini hunyonya mwanga wake, na kwa ngozi nyeusi hatari ya kuungua huongezeka. Mawimbi ya redio hayaoni melanini. Yanafuata upinzani wa tishu tu. Kwa watu walioachwa nje na leza kwa miaka mingi, hilo si jambo dogo. Kipimo chenyewe cha aina za ngozi kinachotumiwa na madaktari, kilichobuniwa mwaka 1975 na Fitzpatrick mwingine, Thomas wa Harvard, kilianza kwa kupanga ngozi nyeupe tu. Aina za tano na sita, ambamo mimi na shangazi tumo, ziliongezwa baadaye.

Nusu nyingine nilimweleza taratibu, maana ni mtu mzima na hapendi kufundishwa. Mawimbi hayachagui rangi, lakini kidonda kinachagua. Ngozi yetu ikiungua, mara nyingi huacha doa jeusi linalodumu miezi mingi, na makovu yanayovimba na kukua huwapata watu weusi zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo kosa lilelile la nyuzijoto chache, kwenye shavu lake lina bei kubwa zaidi. Nikamwuliza kama aliyoonyeshwa ilikuwa na ncha inayopoza, na kama ina kipimo cha joto.

Alifikiri kidogo, akasema kipimo hakukiona, ila kishikio kilikuwa na taa mbili, ya bluu na nyekundu, na zilipendeza.